Machakos, Shangani, Jodhpur: Majumba Yanapogeuka Hoteli

Machakos ni mkubwa wa Nairobi kwa umri. Kabla mwaka 1890 haujaingia, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari na kituo chini ya milima ya Iveti, na kuanzia 1892 John Ainsworth alisimamia Ukambani kutoka hapo. Misafara ya kwenda Uganda ilifika imechoka baada ya kuvuka nyika ya Taru na Tsavo. Wakamba waliiuzia nafaka, maharagwe na mbuzi, wapagazi wakatua mizigo, na baada ya kupumzika safari ikaendelea. Kwingineko duniani, mji wenye maji, chakula na mamlaka kwenye njia kuu ungepata hoteli kubwa mapema, na leo hoteli hiyo ingekuwa na picha za zamani ukutani na kitabu cha wageni kilichotiwa saini na watawala.

Reli iliamua vingine. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita tambarare za Kapiti na Athi, ikaiacha Machakos kando, na tarehe 30 Mei 1899 ikafika kwenye kinamasi cha Nairobi. Mwaka huohuo Ainsworth alihamisha makao yake. Wakamba husimulia kwamba Syokimau, nabii wao wa kike, aliliona joka hilo la chuma kabla halijafika, na tangu 2012 iko stesheni yenye jina lake ndani ya kaunti ya Machakos. Utabiri ulitimia, lakini faida ya joka iliangukia mji mwingine.

Kwa hiyo Machakos ina ukale bila hoteli ya kifahari inayouhifadhi, ilhali Nairobi ilipata hoteli kabla haijawa na ukale wowote. Jambo hili linafaa kulinganishwa na nchi nyingine, kwa sababu hoteli ya kihistoria hupatikana kwa njia mbili zisizofanana. Ipo iliyojengwa kuwa hoteli ikazeekea pale pale, na ipo iliyokuwa nyumba ya mtu, hospitali au ofisi kabla kitanda cha kulipia hakijaingizwa. Anayelala katika ya kwanza hununua sehemu katika historia ya wageni. Anayelala katika ya pili huingia katika historia ya wenyeji, na mara nyingi wenyeji hao wamekwisha kuhama.

Nairobi ya mwanzo ilikuwa mabati, mbao na matope. Mayence Bent alianzisha Stanley mwaka 1902 katika barabara ya Victoria, ambayo leo ni Tom Mboya. Moto uliiteketeza 1905, na mwaka 1913 hoteli ikawa pale inapojulikana hadi sasa. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904 na Meja C.G.R. Ringer na Aylmer Winearls, nje kidogo ya vurugu za mji, kwa ajili ya walowezi na wawindaji. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alifikia huko alipokuja kuwinda mwaka 1909. Lakini kabla ya Nairobi aliteremka stesheni ya Kapiti na kukaa katika shamba la Sir Alfred Pease huko Kitanga, kwenye vilima vya Machakos. Mgeni mashuhuri kuliko wote wa enzi hiyo, basi, alilala Ukambani kama mgeni wa mlowezi kabla hajawa mteja wa hoteli ya Nairobi.

Hebu tuiweke Norfolk karibu na rika lake. Tarehe 16 Desemba 1903, mwaka mmoja tu kabla, Jamsetji Tata alifungua Taj Mahal Palace mbele ya bahari huko Mumbai. Hoteli zote mbili zilizaliwa chini ya bendera ya Uingereza, na zote mbili ziliwauzia wasafiri wa meli za mvuke starehe na shuka safi. Nasaba zao, hata hivyo, ni mbali kabisa. Taj ilijengwa kwa fedha za Mhindi, ikachorwa na Sitaram Khanderao Vaidya na D.N. Mirza, kisha W.A. Chambers akaimalizia. Ilisema, katika mji uliotawaliwa na wageni, kwamba mwenyeji anaweza kuandaa karamu bora kuliko mtawala wake. Norfolk haikuwa na maneno ya namna hiyo ya kuwaambia wenyeji wa nchi, ambao waliingia humo wakiwa wapishi, madobi na wabeba mizigo.

Zote mbili pia zimeshambuliwa. Bomu lililipuka Norfolk usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 na kuua watu wapatao 20. Taj ilivamiwa Novemba 2008. Zilijengwa upya zikafunguliwa tena, na ndani ya Taj iko kumbukumbu ya waliouawa. Wafanyakazi wake wengi walikufa wakiwaokoa wageni, na familia nyingi za Mumbai huisimulia hoteli hiyo kama jamaa aliyeumizwa.

Kwa Norfolk simulizi haiwezi kuanza 1980. Ianze tarehe 16 Machi 1922. Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga ukoloni, alikuwa amekamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi kilicho karibu na hoteli. Umati ulikusanyika kudai aachiliwe. Wazee waliokwenda kuongea na serikali waliporudi na kuwataka watu watawanyike, Muthoni Nyanjiru, mmoja wa wanawake waliokuwapo, aliwashutumu wanaume kwa woga na kuwasukuma mbele. Askari walifyatua risasi, na simulizi za siku hiyo zinasema kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk walifyatua pia. Watu zaidi ya 20 waliuawa, Muthoni akiwa miongoni mwao. Sijui hoteli nyingine ya kifahari katika eneo letu ambayo veranda yake ina uzito wa namna hii. Barabara inayopita mbele yake sasa inaitwa Harry Thuku.

Ukitembea kidogo kutoka hapo utakuta barabara ya Muindi Mbingu, nayo inaturudisha Machakos. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilinyang'anya ng'ombe wa Wakamba kwa madai kwamba walikuwa wengi mno kwa malisho, huku kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kikihitaji mifugo ya bei rahisi. Malisho yalikuwa yamebana kwa sababu ardhi nzuri iliyozunguka ilikuwa imegawiwa walowezi. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi kumwona gavana. Walikaa wiki kadhaa, wakilala nje upande wa Kariokor, katika mji ambao tayari ulikuwa na hoteli zake mbili mashuhuri. Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikalazimika kulegeza amri na kurudisha ng'ombe. Msomaji aliyezoea vitabu vya picha vinavyouzwa katika hoteli kongwe atakumbuka chui, magari ya zamani na wanawake waliovaa lulu. Historia ya ulalaji wa Nairobi ina pia moto wa kuni wa Kariokor, na watu wa Machakos ndio waliouwasha.

Shangani, Zanzibar, mambo yalikwenda kinyume. Huko majumba yalikuwepo kwanza. Mambo Msiige lilijengwa karibu na mwaka 1850 na tajiri wa ukoo wa Harthi, na mpaka leo watu husimulia kwamba mayai yalichanganywa kwenye chokaa yake ili kuta ziwe imara. Lilipitia mikononi mwa wamisionari, ubalozi mdogo wa Uingereza, hospitali na ofisi za serikali kabla ya kufunguliwa kuwa Park Hyatt mwaka 2015. Hatua chache kutoka hapo, Serena imo katika jengo la zamani la kampuni ya telegrafu, kumbukumbu ya waya wa chini ya bahari uliofika Zanzibar 1879. Huko Hurumzi, Mmarekani Emerson Skeen aliingiza vitanda vya nguzo na mapazia katika nyumba inayohusishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa wa enzi za Sultani Barghash.

Jengo la namna hii halimtii mwekezaji kirahisi. Chukua chumba kimoja tu. Dari yake imebebwa na boriti, magogo ya mikoko yaliyokatwa Rufiji au Lamu, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba: karibu mita tatu, si zaidi sana. Chumba kinaweza kurefuka upendavyo, lakini hakipanuki. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono. Chokaa hupumua. Chumvi na unyevu wa bahari huingia na kutoka humo. Fundi asiyejua akipiga plasta ya saruji ili ukuta uonekane mpya, unyevu hufungiwa ndani, ncha za boriti zilizozikwa ukutani huanza kuoza, na baada ya miaka dari hushuka. Mgeni anayelalamika kwamba chumba chake ni chembamba kama behewa analalamikia msitu wa mikoko. Katika Norfolk kiwanja kilikuwa tupu, kwa hiyo mjenzi alipanga nafasi kama alivyotaka. Hapa mjenzi wa leo anajadiliana na fundi aliyekufa zamani.

Majadiliano hayo hayaendi sawa kila mara. Mji Mkongwe, ambamo Shangani imo, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na jengo jipya lililoongezwa kando ya Mambo Msiige lilileta manung'uniko mazito kutoka kwa Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu ukubwa wake. Naona manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo ni lazima kuweka jambo la pili mezani. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883 na fahari ya ufuo mzima, halikugeuzwa hoteli. Lilibaki mali ya umma na makumbusho, likasubiri matengenezo kwa miaka mingi, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele yake iliporomoka na kuua watu. Anayesema kwamba hoteli huharibu urithi anapaswa kulitazama pengo hilo. Hoteli huziba dari mvua inapoanza, kwa sababu mgeni wa kesho ameshalipa.

Wahindi wa Rajasthan walifika kwenye suala hili kwa njia ya familia. Baada ya uhuru wa 1947 maharaja walipoteza utawala lakini si makasri, na makasri hayo yana gharama za kumtisha mtu. Man Singh wa Pili wa Jaipur alifungua Rambagh kuwa hoteli mwaka 1957, huku wenzake wakimwona ameshusha hadhi. Bunge lilipofuta posho za wafalme mwaka 1971, hekima yake ilionekana. Mfano ninaoupenda zaidi ni Umaid Bhawan wa Jodhpur. Ujenzi ulianza 1929, kipindi cha ukame mkali, kwa nia ya kuwapa watu kazi na ujira, ukakamilika 1943. Leo jumba limegawanywa mara tatu: familia inakaa upande wake, hoteli ina upande wake, na upande wa tatu ni makumbusho ambamo mtu wa kawaida wa Jodhpur huingia kwa tiketi ndogo. Zanzibar haikuwa na nafasi ya mpango kama huo, kwa sababu mapinduzi ya 1964 yaliwaondoa wengi wa wenye majumba, na serikali ikawa mwenye nyumba. Jodhpur mwenye jina bado yupo chumba cha pili. Shangani mgeni husimuliwa habari za mtu ambaye wajukuu wake huenda wako Muscat.

Wahispania nao waliikabidhi dola kazi hiyo bila kuiona haya. Tangu 1928, Parador ya kwanza ilipofunguliwa huko Gredos, serikali yao imegeuza ngome, monasteri na makasri kuwa hoteli inazozimiliki na kuziendesha kupitia kampuni yake. Ile ya Santiago de Compostela ilianza kama hospitali ya mahujaji, iliyoamriwa na Ferdinand na Isabella mwaka 1499, ikawa hoteli mwaka 1954. Chumba chake ni ghali, lakini kwa miaka mingi ilidumisha desturi ya kuwapa chakula bure mahujaji kumi wa kwanza wa kila siku. Sahani kumi ni kidogo sana mbele ya hospitali nzima. Hata hivyo zinakiri kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya mtu aliyefika na miguu iliyochubuka, na kwamba deni la nyumba halifutwi kwa kubadilisha samani.

Hapo ndipo mapokeo yetu wenyewe yanapohitaji kusikilizwa, kwa sababu pwani na bara walipokea wageni kabla hoteli yoyote haijajengwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta vijana wakiikaribia meli kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo na kuuza bidhaa kupitia kwake. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipokewa na kadhi. Nyumba za mawe za Lamu zilijenga utaratibu huu ukutani: kuna daka mlangoni pa kuongelea, na kuna sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na vyumba vya ndani, ili mtu wa Hadhramaut au wa Surat aliyesubiri pepo zigeuke akae kwa heshima bila kuivunja sitara ya nyumba.

Mkamba alikuwa na thome. Ilikuwa nje ya lango la boma, penye moto, wazee na vigoda vilivyonakshiwa kwa waya wa shaba. Mgeni alianzia hapo, akasema ametoka wapi na anataka nini, kabla ya kuonyeshwa pa kulala. Thome na daka si kitu kimoja. Daka ni jiwe na chokaa, na ina mji nyuma yake. Thome haikuhitaji ukuta na ilihamishika pamoja na boma. Daka ilitenganisha macho ya nje na faragha ya ndani, ilhali thome ilikuwa pia mahakama, darasa la vijana na mahali pa kupangia safari za biashara hadi pwani. Pamoja na tofauti hizo, mgeni hakulipia kitanda mahali pote pawili. Alilipa kwa habari, kwa biashara, kwa undugu uliofungwa, na kwa kutarajiwa kumpokea mwenyeji wake siku moja. Mapokezi ya hoteli ya leo huuliza jina, pasipoti na kadi ya benki. Maswali ya thome yalikuwa marefu zaidi, na majibu yake yalimfunga pia aliyeuliza.

Machakos iliyokosa hoteli ilituma kitu kingine hotelini. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alikutana huko na wachongaji na kurudi na ujuzi mpya, akauongeza juu ya ufundi wa vigoda na vibuyu uliokuwapo. Wamunyu ikawa kijiji cha patasi na tezo. Twiga, vifaru, mashujaa wa Kimaasai na vijiko vya saladi vya muhugu na mpingo vilisafiri hadi milangoni pa hoteli za Nairobi na Mombasa, na kutoka hapo hadi kabati za Hamburg na Chicago. Zanzibar nakshi ni mlango wenyewe, umefungwa kwenye fremu na hauondoki bila kuijeruhi nyumba. Wamunyu nakshi ilikatwa kwa kipimo cha sanduku la msafiri. Wasomi wengine waliidharau kwa jina la sanaa ya watalii. Mimi naiona kuwa akili ya watu walioachwa na reli: mji haukupata jengo la kumleta mgeni, basi ukapeleka kazi ya mikono yake mahali mgeni alipo.

Na bado kuna jumba. Chini ya Kilimambogo, upande wa Matungulu, lipo lile ambalo watu huliita kasri la McMillan. William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis aliyepewa cheo na Waingereza, alikuwa na ardhi kubwa eneo hilo, akamkaribisha Roosevelt katika shamba lake la Juja, akafa 1925 na kuzikwa kwenye mteremko wa mlima. Mkewe Lucie alimjengea ukumbusho Nairobi, maktaba ya McMillan ya 1931, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Jumba kama hili, karibu na mbuga, karibu na Nairobi, lenye jina linalouzika, haliwezi kukosa watu wa kuliwazia kuwa hoteli ya nyota tano.

Sioni ubaya wa wazo hilo, ila naona hatari ya kuiga mfano usiofaa. Kuifanya Norfolk ya pili ni kumrithi mlowezi na kiti chake cha verandani. Mfano wa Rajasthan hautoshi peke yake, kwa sababu maharaja alikuwa mwenyeji kwa watu wake na McMillan hakuwa. Hispania inafaa kwa upande wa umiliki: hati ya ardhi ibaki ya umma, na mwekezaji apewe muda uliotajwa na masharti ya ukarabati yanayokaguliwa na mafundi, si na maafisa wa mapato tu. Jodhpur inafaa kwa upande wa mgawanyo: sehemu ya jumba iwe makumbusho ambamo mtoto wa shule wa Matungulu ataingia bila kupitia mapokezi. Samani zichongwe Wamunyu kwa oda na bei inayoeleweka, badala ya kuagizwa nje huku wachongaji wakiachiwa kibanda cha zawadi kando ya maegesho. Na anayewatembeza wageni asianze na simba wa Roosevelt. Aanze na misafara iliyolishwa Machakos, aende Syokimau, afike kwa Muindi Mbingu na ng'ombe wa 1938, aeleze ni ardhi ya nani iliyolizunguka jumba lile, kisha ndipo amtaje McMillan na bunduki zake.